Nilienda Kaohsiung kufundisha Kiingereza, Kiswahili ndicho kikanikalisha

Kazi nilipewa kwa ajili ya pasipoti, nianzie hapo. Taiwan ukitaka kuajiriwa kama mwalimu mgeni wa Kiingereza, mara nyingi wanaangalia kama pasipoti yako ni ya moja ya nchi 7, yaani Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini, na mimi ya Marekani ninayo, niliipata nikiwa chuo. Kwenye fomu wameandika wanataka mtu ambae Kiingereza ni lugha yake tangu utotoni. Sasa mimi nimezaliwa Likoni, Mombasa, nimekulia Likoni hadi miaka 13 ndio tukahamia Ohio, na Kiingereza changu cha kwanza nilikipatia kwenye akademi pale mtaani kwetu nikiwa na diski shingoni. Wakenya mnaijua diski. Yetu ilikua kijibao kimetobolewa tundu kikatiwa uzi, ukishikwa unaongea Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili unavalishwa, unazunguka nacho mpaka umnase mwenzako ameteleza umpe yeye, na jioni kengele ikilia alie nacho ndie anaechapwa.

Mwaka mzima niliokaa Kaohsiung niliifikiria hio diski kuliko nilivyoifikiria miaka yote ya Ohio.

Nilifika Agosti 2024. Nilipotoka tu mlango wa uwanja wa ndege nikajua hili joto nalijua, ni lile joto la Mombasa la Februari, lenye maji ndani yake, nguo inakugandia mgongoni kabla hujafika kwenye teksi. Kaohsiung iko kusini ya Taiwan, chini ya tropiki ya Kansa, ni mji wa bandari, bandari kubwa kuliko zote kisiwani, una watu kama milioni 2.7, na pikipiki ni nyingi mpaka taa ikiwa nyekundu wao wana boksi lao lililochorwa barabarani mbele ya magari, wanajipanga humo mia kwa mia halafu taa ikigeuka kijani wanatoka kwa pamoja kama nyuki.

Wiki ile ya kwanza nilikuta meza zimewekwa nje ya maduka, juu yake kuna matunda, biskuti, maji ya chupa, kuku mzima, na pembeni watu wanachoma makaratasi kwenye ndoo ya chuma mpaka mtaa mzima unanuka moshi. Kumbe nimeingia mwezi wa saba wa kalenda yao ya mwandamo, mwezi ambao wanasema mizimu isio na wa kuitunza inatoka kutembea, kwa hio watu wanaiandalia chakula. Mwalimu mwenzangu akaniambia mwezi huo watu hawapendi kuhama nyumba wala kufunga ndoa. Mimi nilikua ndio natafuta nyumba. Nilipata moja wilaya ya Sanmin, chumba kimoja na choo chake, ghorofa ya tano bila lifti, dola 8,500 za Taiwan kwa mwezi na amana ya miezi miwili, baada ya wenye nyumba wawili kusema kwa simu chumba kipo halafu wameniona tu kimeshachukuliwa. Lile liliniuma na halijaacha kuniuma, lakini alienipangisha hatimae alikua mama mmoja ambae alitazama karatasi zangu, akatazama mtandio wangu, akauliza swali moja tu, kama mimi hula nyama ya nguruwe, nikasema sili, akaenda jikoni akatoa sufuria zote zilizoachwa na mpangaji wa zamani, akazibeba akaondoka nazo. Nilikaa chini pale sakafuni nikalia kidogo. Sikua nimemwomba.

Mambo ya ofisi sitakaa nayo sana. Kadi ya ukaazi inatolewa na Idara ya Uhamiaji, elfu moja kwa mwaka, ukishapata hio na uko kazini unaingizwa kwenye bima ya afya ya taifa, ile walioanzisha 1995, na kwa kweli sijawahi kutibiwa kwa urahisi vile mahali popote. Benki walinitaka na muhuri wa jina, kile kijiti cha kuchongwa unachovya kwenye wino mwekundu, na ili uchonge muhuri lazima uwe na jina la herufi zao, kwa hio jina langu la Kichina nilipewa na mwalimu mwenzangu ndani ya dakika kumi tukiwa tumesimama mbele ya fundi.

Ninachotaka kukueleza ni lori la taka.

Kule taka haiguswi na ardhi, ndio sera yao na ndivyo ilivyo kweli. Huwezi kutoa mfuko ukauacha nje ukaenda zako. Unakaa na taka yako ndani mpaka usikie muziki, manake malori yanapita mtaani yakipiga ama Für Elise ya Beethoven ama Sala ya Bikira ya yule mwanamke wa Kipolandi, Badarzewska, na yanapiga kwa sauti kubwa kengele-kengele kiasi kwamba unayasikia yakiwa mitaa mitatu mbali. Mtaani kwetu lilikua linapita saa mbili kasorobo usiku. Ukisikia unavaa ndala unashuka mbio na mifuko, unakuta mtaa mzima umeshatoka, wazee, watoto na pajama, kijana wa duka la betri za pikipiki na mikono yake ya grisi, wote wamesimama ukingoni mwa barabara na mifuko mkononi wakisubiri. Lori la kwanza la njano la taka, nyuma yake lori la vitu vya kuchakatwa upya, na nyuma ya lile la taka kumening'inizwa ndoo za mabaki ya chakula, za aina mbili, mabichi yanaenda kuwa mbolea na yaliyopikwa wakati huo yalikua yanaenda kwa nguruwe.

Mara ya kwanza mimi nilishuka na mfuko mmoja umechanganya kila kitu. Nikawa naunyanyua niutupe, mkono ukanishika kifundo. Alikua bibi mfupi, nywele kazikunja mawimbi kama bibi wote wa kule, kavaa fulana ya maua. Hakusema neno. Akauweka mfuko wangu chini ya taa ya barabarani, akachuchumaa, akaufungua, akaanza kutoa kimoja kimoja, chupa ya plastiki huku, kopo huku, boksi la karatasi akalikanyaga likawa bapa, ganda la papai akalitia kwenye ndoo yake mwenyewe. Lori lilikua limesimama, jamaa wa lori anamwambia kitu, yeye anamjibu bila kugeuka. Alipomaliza akanipa mfuko uliobaki, mdogo kama ngumi, akanionyesha lori kwa kidevu. Nikautupa. Ndipo akaniuliza kitu, na mimi Kimandarini changu cha miezi mitatu ya apu hakikushika hata neno moja, manake hakikua Kimandarini.

Alikua anaongea Taiyu, Kitaiwani, lugha iliyokuja na watu wa Fujian karne kadhaa nyuma na ambayo huko kusini utaisikia sokoni, hekaluni, kwenye basi, kwa yeyote alie na nywele nyeupe. Na alichouliza, nilikuja kujua baadae, ni chia̍h-pá--bōe. Umeshiba? Umekula? Ndio salamu yenyewe. Yaani mimi nimetoka pwani ambako mtu akikukuta mlangoni anakula neno la kwanza ni karibu tule, nimezunguka dunia nzima, halafu jirani wa kwanza kuniongelesha ananiuliza kama nimekula.

Nilimwita Ama, ndivyo wanavyomwita bibi kwa lugha hio, na yeye aliniita Laoshi, mwalimu, mpaka leo hajawahi kuniita jina lolote kati ya majina yangu mawili. Tukawa tunakutana kila siku ambayo lori linapita, dakika kumi, robo saa, tukisubiri. Alinifundisha taka, akanifundisha kuhifadhi risiti, manake kila risiti ya duka kule ina namba ya bahati nasibu ya serikali, inachezeshwa kila baada ya miezi miwili tarehe 25, na Ama alikua anakuja na miwani yake na orodha ya namba anapitia risiti zangu moja moja chini ya taa ileile. Novemba akakuta nimeshinda dola 200 za Taiwan. Alifurahi kuliko mimi.

Nikishasema jirani lazima niseme na Mindonesia. Familia nyingi za Taiwan zenye mzee mgonjwa zinaajiri mtu wa kumtunza anaekaa humo humo ndani, na wengi wao ni wanawake wa Indonesia. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikuwepo mmoja, alikua anashuka na taka huku akimsukuma babu kwenye kiti cha magurudumu ili nae apate hewa. Aliona mtandio wangu akanipa salamu, Assalamu alaikum, nikaitikia, halafu akaniuliza, apa kabar? Nikasimama. Nikamwambia rudia. Kabar. Ni habari! Ni ileile khabar ya Kiarabu imesafiri mashariki ikafika Java na imesafiri kusini ikafika kwetu, na sasa imekutana na mwenzake nyuma ya lori la taka. Baada ya hapo ikawa kila tukikutana tunatafuta. Yeye sabun mimi sabuni. Yeye kertas mimi karatasi. Yeye waktu mimi wakati, dunia ni dunia kwake na kwangu, rezeki ni riziki, na meja ni meza, hilo sote wawili tuliachiwa na Wareno. Kiingereza hakikuwepo kabisa kati yetu, yeye alikua hakijui, na tulielewana.

Yeye ndie alienipeleka msikiti wa Lingya, karibu na stesheni ya Weiwuying, siku moja kati ya zile chache alizokua anapewa mapumziko. Hapa nitasema wazi ninavyoona. Hawa wanawake wa kutunza wazee majumbani hawamo kwenye sheria ya viwango vya kazi ya Taiwan, kwa hio saa zao na siku zao za kupumzika zinategemea mkataba na roho ya mwajiri. Mimi nilikua mgeni kama yeye, mwislamu kama yeye, tumefika kisiwa kimoja kufanya kazi, lakini mimi kwa kuwa mkononi nina Kiingereza na pasipoti nilikua napata Jumamosi, Jumapili, likizo ya mwaka mpya wa mwandamo na majira ya joto. Sijapata namna ya kulizoea hilo wala sitaki kulizoea. Ramadhani ya 2025, ilioanza mwanzo wa Machi, tulifuturu pale msikitini na watu wa Indonesia mamia, vijana wa viwandani na mabaharia wa meli za uvuvi, tende, wali na kari ya nazi, na ile harufu ya nazi iliniingia moja kwa moja mpaka jikoni kwa nyanya yangu.

Sasa shule. Ilikua shule ya msingi ya serikali, nafundisha pamoja na mwalimu mwenyeji, darasa la tatu mpaka la sita. Serikali yao ilitangaza 2018 kwamba inataka nchi iwe ya lugha mbili ifikapo 2030, na lugha ya pili waliokusudia ni Kiingereza, ndio maana walimu wageni tukaletwa kwa wingi. Nilizipenda shule zao kwa mambo madogo. Watoto wenyewe wanafagia na kupiga deki, kila mmoja ana sehemu yake, wengine ngazi, wengine sinki. Baada ya chakula cha mchana taa zinazimwa shule nzima na watoto mia nane wanalaza vichwa kwenye madawati, wana na mito yao midogo, wanalala kama dakika arobaini, na kimya kinachoshuka hapo ni kikubwa mpaka unasikia feni. Mwalimu nae analala. Siku za mwanzo niliona aibu, baada ya mwezi nikawa na mto wangu.

Ofisi moja iliyohusika na kutupanga, sitaitaja, ilishanishauri nikijitambulisha kwa wazazi niseme natoka Ohio, nisiingie sana mambo ya Kenya, wazazi wasije wakaingia wasiwasi na lafudhi. Wiki mbili nilifuata. Nilisimama mbele ya darasa nikaonyesha ramani ya Ohio, theluji, basi la njano la shule. Wiki ya tatu mtoto mmoja wa darasa la tatu, wa dawati la mbele, akanyoosha mkono akaniuliza kwa Kimandarini, Laoshi, nyumbani kwenu baba yako anaitwaje. Nafikiri alitaka kujua neno la Kiingereza. Mimi nikamjibu kwa ukweli. Nikasema, nyumbani kwetu baba anaitwa baba.

Darasa likanyamaza. Manake kwa Kimandarini baba ni bàba.

Halafu mtoto wa nyuma akauliza, na mama? Nikasema mama ni mama. Kelele iliotokea hapo ilimleta mwalimu wa darasa la pembeni mlangoni. Mama pia ni māma! Wakawa wanasimama wanaulizana, Laoshi anaongea lugha yetu, hapana Laoshi sisi ndio tunaongea lugha yake, wakaniuliza maneno mengine ishirini, maji, paka, samaki, moja mbili tatu, nikachora ramani nyingine, ya Mombasa, nikawachorea kisiwa na feri. Mwalimu mwenzangu alikua amekaa nyuma na simu yake akarekodi, nikajua leo nimeharibu, jioni akanitumia ile video na chini yake kaandika neno moja la Kichina, zuri. Hakuna mzazi aliekuja kulalamika. Alikuja mmoja kuuliza kama naweza kumfundisha mwanawe kuhesabu mpaka mia kwa hio lugha.

Lafudhi, toni, hayo yaliniweka mahali pa mwanafunzi na nashukuru. Mfano tang. Tang ya sauti ya juu iliotulia ni supu. Tang ya sauti inayopanda ni sukari. Tang inayoanguka ni moto wa kuunguza. Kwenye duka la chai unaulizwa sukari kiasi gani, nusu, kidogo, au hakuna, na barafu kiasi gani, na mimi miezi miwili nilikua namwambia dada wa dukani kwenye foleni nataka supu kidogo. Alikua ananirudishia neno sahihi taratibu kila siku bila kuchoka, mpaka siku nilipolipata akapiga kofi moja dogo. Mwanafunzi wangu akishindwa na sauti ya th kwenye Kiingereza nilikua namkumbuka yule dada, namrudishia neno taratibu.

Mwanzo wa Oktoba kikaja kimbunga Krathon. Vimbunga vingi hupiga upande wa mashariki ambako milima inavivunja nguvu, hiki kikazunguka kikaja kutua Kaohsiung kwenyewe, Siaogang, tarehe 3 Oktoba mchana. Serikali ikafunga shule na kazi siku kadhaa mfululizo. Ama alipanda ghorofa tano kunigongea, na mkononi ana utepe wa kubandika madirisha na pakiti nne za tambi, zenye ile alama ya chakula kisicho na nyama, amezichagua. Akaniambia kwa Kimandarini cha polepole kile alichokua ananitengezea mimi tu, kwamba kimbunga kutua hapa moja kwa moja ameona mara moja maishani, Julai 1977, alikua msichana, umeme ukakatika siku nyingi. Upepo ulipoanza jengo lilikua linapiga mluzi kwenye mabomba. Nililala chini bafuni, pasipo na dirisha. Asubuhi miti ilikua imelala barabarani na jirani wote wako nje na mifagio, na mimi nikashuka na wangu, wala hakuna alienitazama kwa kushangaa. Nafikiri siku hio ndio nilihamia kweli.

Feri sasa. Mtu wa Likoni huwezi kumpeleka mji wenye feri akanyamaza. Kutoka Gushan kwenda kisiwa cha Cijin ni dakika kama kumi, pikipiki zinaingia chini zikiwa zimewashwa, watu wanapanda juu, na lile lango la chuma likishuka kugusa gati linatoa mlio uleule wa kwetu, ule wa gwaa, nimefumba macho mara ya kwanza kuusikia. Upande wa pili kuna hekalu la Mazu, mlinzi wa mabaharia, lipo tangu 1673, na nyuma yake vibanda vya samaki na ngisi wa kuchoma. Hata jina la mji wenyewe lina hadithi ya baharini. Wenyeji wa asili waliita Takau, Wachina wakaliandika kwa herufi zinazosomeka "piga mbwa" kwa sababu mlio unafanana, 1920 Wajapani wakabadilisha herufi zikawa nzuri lakini bado wanasoma Takao, halafu ilipokuja serikali ya Kimandarini zilezile herufi zikasomwa Kaohsiung. Mtu wa Mvita iliyoitwa Mombasa anaelewa mambo haya bila kuelezwa. Nilikua naenda kila Jumapili, na Ama alipojua akaanza kunituma, nimpelekee dadake mkubwa anaekaa Cijin kifurushi, siku hii maembe, siku hii dawa ya magoti. Dadake ana miaka sabini na kitu, anauza samaki wakavu mbele ya nyumba yake, na kila nikifika ananikalisha kwenye stuli ya plastiki ananipa chai.

Hapo kwenye chai ndio nikagundua kitu. Yeye na Ama kwa Taiyu wanaiita tê. Shuleni kwa Kimandarini tunaiita chá. Nikaenda kusoma. Ile tê ndio Wadachi, ambao walikua na ngome yao karibu hapo Tainan kuanzia 1624 mpaka 1662, waliibeba kwa meli ikafika Ulaya ikawa neno la Kiingereza, ti. Na ile chá ndio ilikwenda kwa misafara ya nchi kavu ikapita Uajemi ikaongezwa mkia ikawa chay, ikafika India, ikafika pwani yetu, chai. Kwa hio maneno yangu yote mawili ya chai, lile nililochapiwa nilijue na lile nililochapwa nisiliseme, yote yametoka kwa hawa watu, na hapa Kaohsiung yanakaa kwenye meza moja.

Nilimweleza Ama jioni moja ya Juni tukisubiri lori, mjukuu wake wa darasa la sita akinisaidia pale ninaposhindwa. Nikamweleza na diski. Nilichora kwa kidole hewani, kibao, tundu, uzi, shingoni. Mjukuu akatafsiri. Ama akaweka ndoo yake chini.

Akasema, na mimi.

Kipindi kile Taiwan ilikua chini ya sheria ya kijeshi, ilidumu kuanzia 1949 mpaka 1987, na shuleni lugha ilikua moja, Kimandarini, lugha ya taifa. Ukiongea Taiyu unatozwa faini, au unasimamishwa juani, au unavalishwa kibao. Chake kilikua na maandishi kwamba inapasa kuongea lugha ya taifa. Alionyesha kilipokua kinafika, hapa chini ya kifua. Mjukuu alikua ameacha kutafsiri, anamtazama bibi yake, manake hakuwahi kusikia haya, na yeye mwenyewe Taiyu anayo ya kipindi kimoja kwa wiki shuleni na anaijibu kwa Kimandarini.

Ama akaniuliza, wewe ulishikwa na neno gani? Nilikua sijawahi kuulizwa hivo na mtu. Nikakumbuka, lilikua "sogea." Nilimwambia mwenzangu kwenye benchi sogea.

Nikamuuliza, na wewe?

Akasema alikua darasa la pili, amemwona dadake ng'ambo ya uwanja, akamwita. A-chí. Dada mkubwa. Hakua na jina jingine la kumwita, nyumbani hajawahi kusikia jingine, kwa Kimandarini dada anaitwaje alikua bado hajafundishwa. Kibao alikivaa siku mbili kwa sababu alikataa kumnasa mwenzake.

Für Elise ikaanza kusikika kutoka upande wa stesheni. Mjukuu akaokota ile ndoo. Watu wakasogea ukingoni. Simu ya Ama ikalia, ile ya vitufe vikubwa aliyoivaa shingoni na kamba, na kama kila jioni alikua ni dadake wa Cijin anaepiga kuuliza kama wameshakula. Ama akaifungua, akaiweka karibu na mdomo, na kwa kua lori lilikua limeshafika na muziki wake ilibidi apige kelele.

A-chí! akaita. A-chí!